Mama Amelowa Tena

 

Jioni hii twataka kusema jambo lisilosemwa kanisani wala barazani. Hata sisi tulipoketi kuyaandaa mazungumzo haya, tuliifuta sentensi ya kwanza mara tatu. Ni habari ya mzazi mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau, ambaye sasa hawezi tena kujizuia haja. Kama kuna watoto karibu na redio, msiwaondoe. Watoto wa nyumba yenye mzee wa namna hii wanajua yote, tena huyajua kabla yetu.

Mama yetu aliolewa Asembo, akakaa katika boma moja kwa zaidi ya miaka 60. Tulimleta kwetu Kisumu kwa sababu alikuwa ameanza kuacha moto ukiwaka jikoni na kupotea njia ya kisimani ambayo miguu yake ndiyo iliyoichimba. Mwanzoni alilowesha kitanda mara moja kwa mwezi, kisha kila juma, kisha tukaacha kuhesabu. Asubuhi mtoto mmoja alikuwa akija mlangoni na kusema, "Mama amelowa tena," nasi tulikuwa tukipumua kwa nguvu. Mama alikuwa akisikia ile pumzi. Hilo tulilijua baadaye.

Usiku mmoja wakati wa mvua za masika, kama saa tisa hivi, tuliamshwa na mbwa wa jirani. Mlango ulikuwa wazi na kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Tulimkuta nje penye lango, hana nguo hata moja, anapapasa ukuta kwa mikono. Vijana wanne au watano wa mtaa walikuwa wamesimama mbali kidogo na tochi zao, na mmoja alikuwa ameshika jiwe. Neno walilokuwa wakilisema lilikuwa jajuok.

Wasikilizaji wa Nyanza hawahitaji tafsiri. Kwa wengine tuseme kwamba jajuok ni mchawi, na hasa yule asemwaye kuwa hukimbia usiku akiwa uchi na kutikisa milango ya watu. Sisi tulifika kabla ya jiwe. Kijana mwenyewe alipomtambua mama aliliangusha, akavua koti lake akatupa tumfunike, na mpaka leo akipita hutusalimu huku akitazama chini. Lakini hatulichukui neno lile kuwa utani. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, si mbali nasi, akina mama wazee wanne waliuawa na kundi la watu waliowashtaki uchawi.

Je, mama alikuwa akifanya nini langoni? Alikuwa akitafuta choo. Alikuwa amelowa, nguo zikambana kwa baridi, akazivua kama mtu yeyote angalivua nguo zilizolowa, kisha akatoka kukitafuta choo cha Asembo katika mji wa Kisumu.

Hebu basi tueleze ugonjwa wenyewe, kwa kuwa wengi wetu huuita uzee tu, na wengine huuita chira, wakidhani kuna mwiko uliovunjwa katika boma. Madaktari huuita dimenshia. Ni maradhi ya ubongo, na yana namna nyingi. Iliyo ya kawaida zaidi ina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza maradhi ya mama mmoja mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906, mwaka ule ule wamisionari wa CMS walipoanza kazi Maseno. Namna nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba, mara nyingi kwa watu wenye shinikizo la damu au kisukari. Shirika la Afya Duniani lasema watu zaidi ya milioni 55 wana maradhi ya jamii hii, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Kwa hiyo mzee wako si wa ajabu, wala boma lako halikulaaniwa.

Sasa, haja yaingiaje katika habari ya kusahau? Kibofu kinapojaa hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hujibu, "Ngoja kwanza, twende mahali pake." Katika ugonjwa huu habari hiyo hufika kwa kuchelewa, au haifiki kabisa. Kwa mzee mwingine habari hufika vizuri lakini hajui tena choo kiko wapi, au anakiona choo na hajui ni kitu gani. Na mwingine anajua yote hayo, anafika mlangoni, ila vidole vyake vimesahau kazi ya vifungo. Ukiangalia kwa macho utaona watu watatu waliolowa namna moja, lakini kila mmoja anahitaji msaada wake. Ukimkemea, hakuna hata mmoja wa watatu atakayesaidika, maana haja haikutoka kwa ukaidi.

Sisi tulimkemea. Tena tulifanya jambo baya zaidi, na tunalisema ili mwenzetu asilifanye. Tulimpunguzia maji. Tulifikiri kwamba asipokunywa hatakojoa, jambo lililoonekana kuwa na akili. Kutwa nzima tulimpa kikombe kimoja cha chai, na jioni hatukumpa kitu. Baada ya majuma machache mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na wenye harufu kali, naye akawa analowa mara nyingi kuliko kwanza. Kisha ikaja homa, akaanza kuzungumza na baba yetu aliyekufa zamani, akimwuliza kama nyavu zimekauka. Tulidhani ndio mwisho. Daktari aliyempokea alipima mkojo akakuta maambukizi, kisha akatuuliza swali moja tu, kwamba mama anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Tulitazamana.

Alitueleza kwamba maji yakipungua mkojo huwa mzito, na mkojo mzito hukichoma kibofu hata kikataka kumwagwa kila mara. Pia choo kikubwa hukauka na kufunga, na uchafu uliojaa tumboni hukigandamiza kibofu. Mzee apewe bilauri sita hadi nane kwa siku, uji ukihesabiwa ndani yake, ila kama daktari amemkataza kwa sababu ya moyo au figo. Anywe zaidi asubuhi na mchana, na apunguziwe katika saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Chai nyingi, kahawa na soda humchochea mtu kukojoa; mama sasa hunywa chai yake asubuhi, na jioni hupewa uji mwepesi mapema. Baada ya siku kumi za dawa na maji, aliacha kuzungumza na baba. Mmoja wa wajukuu alisikitika kidogo kwa hilo, na hatukumlaumu.

Kwa hiyo twawasihi, mzee akianza kulowa ghafla, au akibadilika akili kwa siku mbili tatu, msiseme ugonjwa wa kusahau umezidi. Mpelekeni apimwe mkojo na sukari. Waelezeni waganga dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu kazi yake ni kutoa maji mwilini, na pengine saa ya kuzimeza yaweza kubadilishwa kutoka jioni kuwa asubuhi. Kama ni baba, waulize pia juu ya tezi iliyo chini ya kibofu, ambayo kwa wanaume wazee huvimba na kuzuia mkojo hata ukawa unadondoka. Kupima mkojo ni kazi ndogo, hata dispensari nyingi huiweza. Yakiwa makubwa zaidi, wa Kisumu wanayo Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee wetu bado huiita Russia.

Mambo hayo yakishatazamwa, iliyobaki ni kazi ya nyumbani, na hapo aliyetufundisha ni mama mdogo, yaani dada yake mama, aliyekuja kutoka kijijini kukaa nasi juma moja. Tulimwonyesha kona ya chumba ambapo mama alikuwa akichutama usiku, kando ya kabati tuliloweka majoho ya kanisa. Tulikuwa tumeona haya sana kwa sababu ya majoho hayo. Mama mdogo aliitazama kona, akatazama kitanda, akasema, "Lakini huko ndiko choo kilipo." Akatueleza. Katika nyumba ya Asembo, ukishuka kitandani unageuka kushoto, unapita mlango wa nyuma, na choo kiko mbele yako penye ua. Miaka 60 mama amegeuka kushoto. Tulichokiona sisi ni mtu aliyepotea, kumbe miguu yake ilikuwa ikikumbuka barabara.

Jioni ile ile tulikigeuza kitanda ili mkono wa kushoto uelekee mlango wa choo. Mlango huo tuliupaka rangi nyekundu, na siku hizi haufungwi. Tuliacha taa ndogo ikiwaka ndani usiku kucha, tukaondoa kigoda na mkeka njiani asije akajikwaa. Choo chenyewe kilikuwa cheupe juu ya sakafu nyeupe, kuta nyeupe, na kwa macho ya mama kilikuwa hakionekani. Tulinunua kifuniko cha kukalia cha rangi ya buluu. Hatusemi kwamba kulowa kulikwisha. Kulipungua kwa zaidi ya nusu, na katika nyumba kama yetu nusu ni usingizi wa watu watano.

Jambo la pili ni kuandika. Chukueni daftari la shule la mtoto, mwandike kwa siku saba saa aliyokunywa, saa aliyokwenda, saa aliyolowa. Sisi tuliona kwamba mama hulowa kama dakika 40 baada ya chai, na tena kabla ya chakula cha mchana. Basi tunamwahi. Anapelekwa akiamka, baada ya kila mlo, kisha kila baada ya saa mbili, na kabla ya kulala. Wala asiulizwe, "Unataka kwenda choo?" Mzee mwenye heshima zake atajibu hapana, maana ni nani apendaye kuulizwa hivyo mbele ya wajukuu? Sisi husema tu, "Mama, bi wadhi," njoo twende, tukamshika mkono kama waendao sokoni. Zipo dalili pia. Mama huvuta upindo wa nguo, huinuka na kuketi, hutembea akizungukazunguka. Kila mzee ana zake, na mtoto wa miaka minane huzijua upesi kuliko mchungaji.

Nguo ziwe rahisi. Tumeondoa zipu na vifungo vyote. Mama huvaa gauni pana au leso, na baba zenu wavae suruali ya mpira kiunoni. Godoro livikwe makintoshi au nailoni nzito, juu yake shuka ya zamani iliyokunjwa mara mbili, kwa maana nailoni ikigusa ngozi huleta jasho na vidonda. Ziwekeni shuka mbili namna hiyo, nailoni na shuka, tena nailoni na shuka, ili usiku wa manane mkiondoa ya juu kitanda kiwe tayari. Hilo tulifundishwa na akina mama wa kanisa, na lingetuokoa miezi mingi kama mmoja wetu angekuwa na ujasiri wa kuuliza.

Nepi za watu wazima zapatikana kwa wauza dawa hapa mjini, nazo ni ghali. Sisi hutumia moja ya usiku, na nyingine kwa safari au ibada ndefu. Zisichukue mahali pa kumpeleka choo, kwa kuwa mzee akiachwa ndani ya nepi kutwa husahau hata kile alichokuwa bado anakikumbuka. Tena msiziite jina la nguo za watoto wachanga mbele yake. Mama huziita "nguo ya ndani ya baridi", nasi twaziita hivyo hivyo. Zikitumika zisitupwe katika choo cha shimo wala mtaroni, maana mitaro yetu yote mwisho wake ni ziwani.

Ngozi ya mzee ni kama karatasi. Akilowa aoshwe upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, akaushwe kwa kugandamiza kitambaa bila kusugua, kisha apakwe mafuta ya mgando. Mkiona wekundu usioondoka penye nyonga au mgongoni, msingoje Jumapili mtuulize sisi, nendeni kwa muuguzi.

Sasa twafika penye ugumu wenyewe, yaani ni nani atakayeosha. Katika nyumba nyingi swali hili halijaulizwa kamwe. Mkaza mwana huosha, au msichana wa kazi, na ndugu walioko Nairobi hutuma fedha kidogo na mashauri mengi kwa simu. Kwetu ilikuwa hivyo. Kisha siku moja mama watoto alikuwa amekwenda mazishini Ahero, msichana alikuwa likizo, na mama akachafuka, haja kubwa, mpaka kwenye nywele. Ndani ya nyumba tulikuwa sisi, mwana wake wa kiume, na mjukuu mmoja mvulana.

Ninyi mnaotoka katika mila zetu mnajua uzito wake. Mwana hautazami uchi wa mamaye. Tulisimama mlangoni tukiwa na beseni mkononi, sisi tuliosoma chuo cha theolojia, na tuliogopa kama mtoto. Tulikwenda kwa jirani, hayupo. Tuliporudi mama alikuwa akilia, si kwa sauti, machozi tu. Tukachukua leso mbili kubwa. Moja tulimfunika shingo mpaka miguu, nyingine tukailowesha, tukaosha chini ya ile ya kwanza, sehemu moja moja, mkono kwanza, kisha mguu, macho yetu yakiwa ukutani penye kalenda. Ilichukua karibu saa nzima. Mjukuu alibadilisha maji mara sita.

Baadaye tulimweleza mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Alego ajuaye mila kuliko sisi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tulimtazama au tulimfunika. Tukasema tulimfunika. Akasema, basi. Nasi tukakumbuka habari ya Nuhu katika kitabu cha Mwanzo, jinsi baba yule alivyolala uchi hemani mwake. Shemu na Yafethi walitwaa nguo wakaiweka mabegani, wakaingia wakienda kinyumenyume. Tuliihubiri habari hiyo mara nyingi kama onyo juu ya ulevi. Hatukuwahi kuona kwamba inaeleza kazi ya mikono, na namna ya kuifanya. Hata wauguzi hufundishwa hivyo, kumwosha mgonjwa akiwa amefunikwa, ukifunua mahali pamoja tu kwa wakati mmoja.

Yupo ndugu wa tatu katika habari ile, Hamu, aliyeona kisha akatoka nje kuwaambia wengine. Na sisi tumejiuliza sana kama kwa kusema haya redioni hatujawa yeye. Mama hawezi kutupa ruhusa, kwa kuwa akiulizwa asubuhi hatakumbuka mchana. Tulimwuliza mama mdogo. Alisema tusitaje jina lake, tusiseme habari ya majoho (hapo tumemwasi kidogo), na mengine tuyaseme, kwa sababu kijijini kuna wawili walio hali hiyo hiyo ambao watoto wao huwafungia ndani kwa kufuli. Kama tumekosea, ni juu yetu.

Kwa ndugu walioko mbali tuna neno moja. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Jamaa si yule tu aliyekaa karibu na kitanda. Njooni mkae juma moja. Msije kama wageni wa kuchinjiwa kuku. Njooni mshike zamu ya usiku, ili anayeosha kila siku alale. Mama watoto alipopata juma hilo mwaka uliopita, alilala siku mbili mfululizo, tukaogopa tukamwamsha.

Wengi waliandika kuuliza juu ya kiti, kwa ajili ya wazee ambao choo chao kiko nje penye giza na matope. Mafundi wa mbao wa Kibuye hukitengeneza wakielezwa. Kiwe na mikono imara ya kushikilia, na kimo chake kipimwe kwa goti la mzee mwenyewe, ili nyayo zikae sakafuni. Tundu la katikati lipigwe msasa vizuri, na ndoo yenye kifuniko iingie kutoka nyuma, ili asiione ikitolewa. Kisiwe na magurudumu. Kiwekwe upande ule ambao mzee amezoea kushukia kitandani, na kama hamjui ni upande gani, mwulizeni mtu aliyeijua nyumba yake ya zamani.

Dakika zetu zimekwisha, wapenzi. Hapa studio saa inaonyesha saa tatu kasoro robo, na saa tatu ni saa ya mama.